Wasomaji Wasiokuwepo: trafiki batili katika matangazo ya mtandaoni, ikitazamwa kutoka Dutwa

Ukitoka Lamadi kwenda Bariadi mjini, Dutwa unaipita njiani. Ni nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe, ndani ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka Shinyanga, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2. Habari za watu hao hupata nafasi ndogo magazetini. Kijana anayetaka kuziandika, kuanzia bei ya pamba na mvua hadi mpira wa shule na ajali za barabarani, hahitaji mtambo wa uchapaji; anahitaji simu, bando na jina la tovuti. Kwa wengi wanaoanza, mapato ya kwanza hutokana na matangazo yanayowekwa na Google kupitia AdSense. Na mapato hayo mara nyingi hupotea kabla hayajafika mfukoni, kwa sababu ya kitu ambacho mwenye tovuti hakuwahi kuelezwa vizuri: trafiki batili.

Hoja yangu ni kwamba tovuti ndogo za mikoani huumizwa na trafiki batili kuliko zinavyofaidika nayo, na kwamba kinga yake kubwa iko mikononi mwa mwenye tovuti: kuwajua wasomaji wake kwa kumbukumbu anazozitunza mwenyewe, asisubiri kampuni iliyo ng'ambo imwambie ni nani aliyemsoma.

Tuanze na maana. Trafiki batili ni kila mbofyo, au kila tangazo lililohesabiwa kuwa limeonekana, ambalo nyuma yake hakuna mtu aliyelitazama au kulibonyeza kwa nia ya kweli. Humo mna wizi wa makusudi, lakini mna pia kidole kilichoteleza kwenye kioo cha simu, mtoto anayechezea simu ya baba yake, na roboti ya kampuni ya utafutaji inayopita kukusanya kurasa bila ubaya wowote. Wengi wanaofungiwa akaunti huchukulia neno hilo kama tuhuma ya wizi, wakakasirika, wakaandika rufaa ya hasira badala ya kutazama kilichotokea. Mfumo hauulizi kwanza nia ya mtu. Unauliza kama mwenye tangazo alipata alichokilipia.

Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Pamba iliyotiwa maji au mchanga ili iongezeke uzito inajulikana kila msimu, na madhara yake yanajulikana pia: kiwanda hupata hasara, pamba ya eneo zima hushuka hadhi, na mkulima aliyeleta pamba safi hulipwa bei ya pamba chafu. Upande wa pili wa mizani nako kuna historia. Harakati za wakulima wa Kanda ya Ziwa zilizoongozwa na Paul Bomani, zikazaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, mwaka 1955, zilichochewa kwa sehemu kubwa na wanunuzi waliopunja kwenye mizani. Soko la matangazo ya mtandaoni linaugua maradhi yote mawili. Wapo wanaoongeza uzito wa uongo, na wapo wenye mizani ambayo muuzaji haruhusiwi kuikagua.

Fedha zenyewe hutembea hivi. Msomaji anapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo hupigwa mnada kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anayeshinda tangazo lake huonekana, na sehemu ya bei humfikia mchapishaji. AdSense ilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi ililipa zaidi kwa mbofyo. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba inahamia kulipa kwa onyesho, yaani kwa tangazo kuonekana, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika mwaka uliofuata. Wapo waliodhani kuwa tatizo la mibofyo ya uongo lingekwisha hapo. Lilihama tu. Maonyesho nayo yanaweza kutengenezwa kwa kufungua kurasa upya na upya, na mwenye tangazo anayeona wageni wengi wasionunua kitu hushusha bei anayokubali kulipa.

Kwa mchapishaji mdogo, hesabu ya muda ndiyo inayouma zaidi. Akaunti ikifikisha dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Malipo hayatoki mpaka zifike dola 100. Tuseme tovuti ya Bariadi inaingiza dola 20 kwa mwezi: itachukua miezi mitano kufikia malipo ya kwanza. Akaunti ikifungwa mwezi wa nne kwa trafiki batili, dola 80 zilizokuwa zikionekana kwenye skrini zinaweza zisilipwe. Zinazokatwa, inapowezekana, hurudishwa kwa wenye matangazo. Gazeti kubwa likikatwa kiasi hicho halitagundua. Kwa huyu, kazi yote ya miezi minne inaweza kuwa imepotea.

Wizi mkubwa hasa haufanyiki Dutwa wala Dar es Salaam. Aleksandr Zhukov, raia wa Urusi, alikodi kompyuta zaidi ya 1,900 katika vituo vya data, Dallas na kwingineko, akaziandikia programu za kujifanya binadamu: zinasogeza kishale, zinashusha ukurasa, zinaanzisha video na kuisimamisha. Alikodi anwani za IP zaidi ya 650,000 na kuzisajili zionekane kama za nyumba za watu nchini Marekani, kisha akaghushi majina ya tovuti zaidi ya 5,000. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema alijipatia dola milioni 7. Miongoni mwa walioibiwa ilikuwamo hospitali ya watoto ya Texas, Scottish Rite, iliyolipia matangazo yaliyooneshwa kwa mashine. Alikamatwa Bulgaria Novemba 2018, akahukumiwa miaka 10 jela Novemba 2021. Mtandao mwingine uliofichuliwa wakati huohuo, ulioitwa 3ve, uliteka kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni 1.7 na kusababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 29.

Mbinu ya kughushi majina iliwaumiza wachapishaji moja kwa moja. Mwaka 2017 Financial Times iligundua kuwa nafasi za matangazo zilikuwa zikiuzwa kwa jina lake katika masoko ambayo gazeti hilo halikuwahi kuuzia chochote, na ikakadiria thamani ya udanganyifu huo kuwa pauni milioni 1 kwa mwezi. Mwaka huohuo taasisi ya IAB Tech Lab ilitoa dawa nyepesi na yenye nguvu: faili la maandishi linaloitwa ads.txt, ambalo mwenye tovuti huliweka kwenye tovuti yake na kuorodhesha ni nani tu wanaoruhusiwa kuuza nafasi zake. Mnunuzi husoma faili hilo, na muuzaji asiyetajwa humo hukataliwa. Tovuti ya Dutwa yenye AdSense peke yake inahitaji mstari mmoja. Ninaona tovuti nyingi za Kiswahili zenye mamia ya mistari iliyonakiliwa kutoka kwa madalali wa matangazo ambao mwenye tovuti hawafahamu. Kila mstari wa namna hiyo ni ruhusa iliyotolewa kwa mgeni kuuza kwa jina lako, naye akidanganya ni jina lako litakaloandikwa kwenye orodha ya wachafu.

Wakaguzi wa vipimo wa Marekani, Media Rating Council, katika mwongozo wao wa 2015, waligawa trafiki batili katika makundi mawili. La kwanza ni ile inayotambulika kwa orodha na kanuni za kawaida: roboti zinazojitaja jina, na mashine za vituo vya data. La pili ni ile inayojificha, ambayo kuikamata kunahitaji uchambuzi wa kina: vifaa vilivyotekwa, anwani za kughushi, watu wanaolipwa ili wabofye. Mgawanyo huu unamfaa hata mtu wa tovuti moja, maana unamwonyesha mpaka wa uwezo wake. Kundi la kwanza anaweza kulichuja mwenyewe. La pili hawezi, lakini anaweza kukataa kulikaribisha.

Katika kundi hilo la pili kuna jambo linalotuhusu Waafrika kwa karibu, nalo ni simu zenyewe. Agosti 2020 kampuni ya usalama Upstream ilieleza kuwa baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na programu haribifu iliyoingizwa kabla simu haijafika dukani. Tangu Machi 2019 kampuni hiyo ilikuwa imezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000, mingi ikiwa ni majaribio ya kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Mtengenezaji alisema kosa lilifanywa na mmoja wa wasambazaji wake. Funzo la tukio hilo kwa mchapishaji ni kwamba mbofyo batili unaweza kutoka kwa msomaji wa kweli, mwenye simu ya kweli, asiye na hatia. Naye msomaji huyo ni mwathirika: bando lake linaliwa usiku akiwa amelala.

Turudi nyumbani, kwenye makosa tunayoyafanya wenyewe. La kwanza ni magrupu ya kubonyezeana. Wenye tovuti ishirini au thelathini hukusanyika WhatsApp au Telegram, kila asubuhi kila mmoja anatuma kiungo chake, na wote wanafungua kurasa za wote na kubonyeza matangazo. Wanaojiunga si wezi wa kiwango cha Zhukov. Wengi ni vijana waliobanwa na gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni, na ingawa kanuni zimebadilishwa tangu hapo, fikra ya kwamba tovuti lazima irudishe fedha haraka ilibaki. Lakini mpango wenyewe umekufa kabla haujaanza. Watu walewale thelathini, kwenye tovuti zilezile thelathini, wakibonyeza kila siku na kuondoka ndani ya sekunde chache bila kununua chochote, ni mchoro ambao kompyuta huuona upesi mno. Ikianguka tovuti moja, zote huunganishwa nayo.

La pili ni kununua wageni. Matangazo ya "wageni 10,000 kwa bei ya chai" yamejaa mitandaoni, na kinachouzwa humo ni roboti au kurasa zinazofunguka zenyewe nyuma ya kurasa nyingine. Mwenye tovuti hufurahi kuona namba imepanda. Siku kadhaa baadaye Google inaweka kikomo cha matangazo, yaani inapunguza matangazo yanayoonekana kwenye tovuti hiyo. Sijawahi kuona sababu yoyote ya tovuti ya habari za mkoa kununua wageni kutoka nchi ambako watu hawajui Bariadi iko wapi.

La tatu ndilo ninalotaka tulikazie macho, kwa sababu halina nia mbaya hata kidogo na pengine ndilo linaloumiza wengi: mibofyo ya bahati mbaya. Fikiria mtandao wa simu ulivyo nje ya mji, msomaji ana simu ya bei nafuu yenye kioo kidogo. Maandishi yanafika kwanza. Anaanza kusoma, anasogeza kidole kugusa kichwa cha habari inayofuata, na papo hapo tangazo lililochelewa linafika, linasukuma maandishi chini, na kidole kinatua juu ya tangazo. Anarudi nyuma mara moja. Kwa mwenye tangazo huo ni mbofyo wa mtu aliyekaa sekunde moja. Mtandao ukiwa na kasi, kama ulivyo kwenye ofisi ya aliyetengeneza muundo huo wa tovuti, tatizo halionekani kabisa. Mtandao ukiwa wa kusuasua, linajirudia siku nzima. Hivyo tovuti ya wasomaji wa vijijini inaweza kuwa na kiwango cha mibofyo ya bahati mbaya kikubwa kuliko ya mjini, kwa muundo uleule na uaminifu uleule.

Tiba yake ni kutenga nafasi ya tangazo mapema kwa urefu maalumu, ili maandishi yasiruke tangazo linapoingia, na kuweka umbali wa kutosha kati ya tangazo na chochote kinachoguswa. Halafu mwenye tovuti aifungue tovuti yake kwa simu ya bei ndogo, kwa bando la kawaida, akiwa mahali wasomaji wake walipo, bila kugusa matangazo. Tovuti za kupakua nyimbo zina dhambi kubwa zaidi hapa: tangazo hubanwa kando ya kitufe cha "Pakua" mpaka mtu asijue kipi ni kipi. Google inakataza jambo hilo waziwazi, na kwa maoni yangu inastahili kulikataza, kwa sababu anayedanganywa pale wa kwanza ni msomaji.

Sasa upande wa mizani. Mifumo ya kutambua trafiki batili inaelekea imejengwa kwa kutazama zaidi nchi ambazo kila nyumba ina kompyuta yake na anwani yake ya IP. Kwetu sivyo. Kampuni za simu hazina anwani za kutosha kumpa kila mteja yake. AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya akiba ya anwani za aina ya zamani Januari 2020. Kwa hiyo wateja wengi mno hutoka nje kwa anwani moja. Wanaotumia Opera Mini katika hali ya kubana data hupitia seva za Opera, nazo kwa mtazamaji wa mbali huonekana kama kituo cha data. Simu moja hutumiwa na watu watatu nyumbani. Ukiyaweka hayo pamoja, wasomaji mia moja wa kweli wa Dutwa wanaweza kufanana na mashine moja inayofungua ukurasa mara mia.

Ongeza na tabia ya kusoma kwa makundi. NECTA inapotoa matokeo ya kidato cha nne, kwa kawaida Januari, tovuti iliyokuwa na wageni 300 kwa siku inaweza kupata maelfu kwa saa moja, karibu wote kwa simu, karibu wote wakitokea WhatsApp bila alama ya walikotoka, wakifungua ukurasa mmoja na kuondoka. Bei dira ya pamba inapotangazwa hali huwa hivyohivyo. Kwa mchoro, huo ni sawa na shambulio. Kwa ukweli, ndizo siku ambazo tovuti imewatumikia watu wake kuliko siku zote.

Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu. Vipimo vya Google Analytics huondoa vyenyewe roboti zinazojulikana, kwa hiyo havionyeshi kila kilichopita mlangoni. Kumbukumbu za seva huonyesha: kila ombi, saa, anwani, ukurasa, aina ya kivinjari. Zihifadhiwe kwa miezi kadhaa, zikilindwa, maana anwani hizo ni taarifa za watu na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania. Viungo vinavyotumwa kwenye magrupu vitiwe alama ya chanzo, ili mgeni wa kundi la wakulima wa Ngasamo atofautike na wa ukurasa wa Facebook. Na kuwe na daftari, la karatasi likitosha, la matukio: leo matokeo yametoka, leo tumebadili nafasi ya tangazo la juu, leo mtu asiyejulikana ametangaza kiungo chetu kwenye kundi kubwa. Dakika tano kila jioni zinatosha kulinganisha tarakimu na daftari. Wageni wakiongezeka bila tukio, hasa wakitoka nchi moja ya mbali, usiku wa manane, kwa ukurasa wa mwaka juzi, kuna jambo. Mibofyo ikipanda wakati wasomaji hawajapanda, mwenye tovuti asisubiri: ayaondoe matangazo kwenye ukurasa husika na kuiarifu Google kupitia fomu yake ya mibofyo batili. Wapo mahasidi wanaobonyeza matangazo ya mshindani makusudi ili afungiwe, na anayetoa taarifa mapema ana cha kuonyesha baadaye.

Tahadhari moja katika kujilinda. Zana za kuzuia roboti, zikiwamo za bure za Cloudflare, zinasaidia sana dhidi ya kundi la kwanza. Lakini kufungia anwani ya IP kwa sababu imefungua kurasa nyingi kunaweza, kwa mtandao wa simu, kuwafungia nje wasomaji wa kata nzima. Kwanza itazamwe anwani ni ya nani. Ikiwa ni ya kituo cha data cha ng'ambo, ifungiwe. Ikiwa ni ya kampuni ya simu ya Tanzania, iachwe.

Kikomo cha matangazo kikiwekwa, kwa kawaida hudumu chini ya siku 30, na kinachofaa ni kusafisha chanzo kisha kuendelea kuandika. Akaunti ikifungwa kabisa, kuna rufaa, nayo hujibiwa kwa uzito wa ushahidi: tarehe, kurasa, anwani, kilichobadilishwa. Hapa ndipo ninapoilaumu Google. Haielezi kwa undani ilichokiona, ikisema maelezo yangewafundisha wezi. Hoja hiyo ina mantiki kwa Zhukov. Haina mantiki kwa mtu wa Bariadi, ambaye angeambiwa tu kama tatizo ni muundo wa ukurasa, wageni wa kununuliwa au mibofyo ya kujirudia, angeweza kulirekebisha kwa siku moja, na hakuna mwizi ambaye angejifunza lolote kwa maelezo ya kiwango hicho. Umoja wa wanablogu nchini, TBN, ungeweza kulidai hilo kwa sauti moja, pamoja na kupeleka ushahidi wa jinsi anwani za kampuni zetu za simu zinavyobeba maelfu ya watu wa kweli. Mchapishaji mmoja mmoja hatasikika.

Wakati huohuo ipo njia ambayo haipiti kwenye mizani hiyo kabisa. Muuza mbegu na viuatilifu wa Bariadi, mwenye nyumba ya wageni, chuo kinachotafuta wanafunzi, wote wanaweza kulipa kwa wiki au kwa mwezi, bei ikiwa moja hata tangazo libonyezwe mara ngapi. Hapo hakuna anayepata faida kwa kubonyeza. Mwenye tangazo hupima kwa simu alizopigiwa na wateja waliosema wamesoma wapi. Bei ni ndogo na kazi ya kumfuata mteja dukani ni kubwa, lakini fedha hulipwa kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Naye kabla ya kurudia mkataba atataka kujua wanaosoma ni wangapi na wangapi kati yao wako Dutwa, Ngasamo au Nkololo. Jibu litatoka kwenye kumbukumbu zilezile.